MGB iliyoliwa na kutu: bodi mpya au bodi ya mtumba?

MGB, gari la michezo lililoundwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, haina chesisi (fremu ya chini) iliyo tofauti na bodi. Bodi ndiyo chesisi. Kutu ikishakula sakafu na vizingiti vya milango, wengi huwazia kubadili bodi nzima.

Bodi mpya ya kampuni ya British Motor Heritage, inayotengenezwa tangu 1988 kwa kutumia kalibu za kiwandani za zamani, ni ghali. Lakini inakuja imenyooka, na kisheria imenyooka pia. Kwa miaka mingi DVLA, mamlaka ya usajili wa magari Uingereza, ilitumia pointi kwa magari yaliyojengwa upya: gari lilihitaji angalau 8 ili libaki na namba yake ya usajili, na bodi mpya yenye risiti ilikuwa na 5. Suspensheni, ekseli, giaboksi na usukani zilikuwa na 2 kila moja, injini 1.

Bodi ya mtumba ni nafuu, ila iliweza kukupeleka kwenye namba ya Q, ya magari yasiyojulikana asili, na thamani ikaporomoka. Kukata namba ya chesisi na kuichomelea kwenye bodi nyingine ili kuficha asili yake ni uhalifu. Mimi ningenunua mpya, na kabla ya kuligusa gari ningesoma masharti ya DVLA ya sasa.