The Office msimu wa pili kwenye DVD: episodi unazo tayari, nunua kwa ajili ya vipande vilivyokatwa

Najua mtu ataniuliza mwaka huu nani bado ananunua DVD, na swali ni la haki kabisa maana hata laptop yangu yenyewe haina pa kuingizia diski, ilibidi nitafute drive ya nje ya kuchomeka kwenye USB. Ila The Office ya Marekani msimu wa pili, jamani, hii ni habari nyingine. Nilishaiangalia yote kwenye flash, ile ya kujaziwa na jamaa wa kibanda cha muvi kwa buku kadhaa, nikajua nimeimaliza. Kumbe nilichoangalia ni nusu ya mzigo.

Kwa asiyeijua, ni komedi ya ofisi ya kampuni ya kuuza karatasi, Dunder Mifflin, tawi la mji wa Scranton kule Pennsylvania. Bosi ni Michael Scott, anachezwa na Steve Carell, mtu anayeamini kabisa yeye ndo mcheshi kuliko wote na wafanyakazi wake wanampenda kama baba yao, wakati watu wenyewe wanaangalia saa tu ifike jioni waondoke. Imepigwa kama vile kuna watu wa dokumentari wamekuja kurekodi ofisi, kwa hiyo wahusika wanaiangalia kamera, wanakaa pembeni wanahojiwa, na hakuna ile sauti ya watu kucheka nyuma. Kama umezoea komedi zetu za kina Majuto ambapo ukifika wakati wa kucheka unajua umefika, hapa episodi mbili tatu za mwanzo unaweza kukaa unashangaa utani uko wapi. Uko usoni kwa Jim, yule kijana muuzaji wa karatasi. Mwangalie Jim.

Asili ya kitu chenyewe ni Uingereza, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, BBC mwaka 2001. Wamarekani walipoichukua 2005 walianza na episodi 6 tu, ya kwanza karibu wameinakili ilivyo, na kiukweli msimu ule haujanishika, Michael kapaka mafuta nywele zimelala na roho mbaya imezidi. Msimu wa pili ndo walimrekebisha, wakamwacha awe mjinga vilevile ila sasa unamwonea huruma. Episodi 22, kuanzia Septemba 2005 hadi Mei 2006, na Agosti hiyo hiyo wakabeba Emmy, tuzo kubwa ya TV ya Marekani, ya komedi bora, DVD ikaingia sokoni Septemba 12. Diski 4. Anayetaka kuanza aanzie hapa, msimu wa kwanza atarudi nao baadaye akitaka.

Sasa tuje kwenye mzigo wenyewe.

Unajua episodi ya TV ya Marekani inapewa nusu saa, ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22. Hawa jamaa chini ya Greg Daniels, aliyeitengeneza hii ya Marekani, walikuwa wanapiga vitu vingi kuliko hizo dakika, waigizaji wanaongeza ya kwao papo hapo, halafu mhariri anakaa na mkasi. Kwenye TV vile vilivyokatwa vimekwenda. Kwenye DVD vipo, episodi baada ya episodi, na sio vile vipande viwili vya kujazia diski kama kampuni nyingi zinavyofanya, hapana, ni vingi kiasi kwamba ukikaa navyo mfululizo unapata saa nzima na zaidi ya vichekesho ambavyo hujawahi kuviona. Vingine vilistahili kukatwa, nisidanganye, unaona kabisa hapa utani umevutwa mpaka umekufa. Lakini vingine vinabadilisha kabisa unavyomwona mtu.

Mfano Creed. Yule mzee wa kona anayeongea mara moja kwa episodi tatu na akiongea unajiuliza huyu amewahi kufungwa wapi. Kwenye vilivyokatwa vya episodi ya Booze Cruise, ile ya boti ziwani, ndo inatoka kwamba Creed zamani alikuwa mwanamuziki wa bendi ya The Grass Roots miaka ya 60. Na sio utani wa kutunga, mwigizaji mwenyewe anaitwa Creed Bratton na kweli alikuwa mpiga gitaa wa bendi hiyo hiyo! Yaani mtu anacheza kama yeye mwenyewe na jina lake, historia yake ya kweli wameiweka kwenye hadithi, halafu wakaikata. Ungeangalia kwenye flash miaka kumi usingejua. Mimi baada ya kuona hicho kipande nilirudi kumwangalia upya episodi zote, kila akipita nyuma na kikombe cha kahawa nacheka peke yangu.

Na hiyo Booze Cruise yenyewe, hata bila nyongeza, ndo episodi ambayo nikitaka kumwambukiza mtu namwekea. Januari, baridi, bosi kawapeleka wafanyakazi kwenye boti anasema ni semina ya uongozi, nahodha naye anataka kuwa ndo kiongozi, wanaanza kugombania nani mkubwa. Huku nje Jim na Pam, dada wa mapokezi, wamesimama peke yao, Pam ana mchumba wake humo humo ndani ya boti. Jim anataka kusema anampenda, hasemi. Wanaangaliana kimya zaidi ya sekunde 20, kwenye komedi! Hakuna muziki wala nini. Mke wangu ambaye hapendi "sizoni za Kizungu za kuongea ongea" aliniambia rudisha nyuma.

Nyingine ni The Injury, imeandikwa na Mindy Kaling (ndo yeye Kelly, yule dada asiyenyamaza). Michael anapiga simu ofisini asubuhi analia ameungua mguu, waje kumchukua. Ameunguaje? Anapenda kuamka na harufu ya nyama ya nguruwe inakaangwa, na kwa kuwa hana wa kumkaangia, kila usiku anaweka grili ya umeme chini pembeni ya kitanda, akiamka anaiwasha analala tena, leo kashuka kaikanyaga. Anaeleza haya kwa uchungu kabisa kama mtu anayeeleza ajali ya basi, na ofisi nzima inamsikiliza kwenye spika. Dwight, muuzaji anayemwabudu Michael, anatoka mbio kwenda kumwokoa bosi wake, anaondoa gari, puu, kwenye nguzo ya pale pale parking. Kisha bosi anakuja ofisini mguu umezungushiwa yale manailoni ya mapovu ya kufungia vyombo anataka kuhudumiwa, wakati aliyeumia kweli ni Dwight, kagonga kichwa, na hakuna anayemjali. Mimi nimeajiriwa, bosi wa hivyo namjua, naishia hapo.

Nyongeza nyingine kwa haraka. Kuna zile episodi fupi fupi 10 zilizowekwa kwanza intaneti kiangazi cha 2006, The Accountants, ambapo wahasibu wa ofisi Kevin, Oscar na Angela wanatafuta dola 3,000 zilizopotea kwenye vitabu vya hesabu, ni dakika kama mbili mbili, tamu ila usizitegemee sana. Kuna matangazo ya kujifanya ya kuelimisha jamii ambayo Michael na wenzake wanatoa ushauri wa ajabu. Kuna video ya Faces of Scranton ambayo Michael aliitengeneza kwenye episodi ya Valentine akawapelekea wakubwa New York. Makosa ya waigizaji mbele ya kamera pia yapo, ukimwona Carell anavyowafanya wenzake washindwe kujizuia kucheka utajua kwa nini zile sura zao zinaonekana za kweli.

Komentari ndo sijaipenda yote. Episodi 10 zina maongezi ya waigizaji na waandishi juu ya picha, wazo zuri, ila wamejazana chumba kimoja wanaongea kwa mpigo, Kiingereza cha haraka, mara wanacheka kitu cha ndani wanachokijua wenyewe, na ukikosa sauti ya nani ni ya nani basi umepotea. Nimesikiliza chache nikaachia hapo.

Picha ni ya DVD, usitegemee maajabu. Kwenye flati kubwa inaonekana imefifia kidogo, ila ukilinganisha na zile diski za "20 in 1" za Kariakoo ambazo uso wa mtu unakuwa vigae vigae akitembea, hii ni maji safi. Na kitu kingine ambacho sisi tuliolelewa na bongo muvi tutashukuru, msimu mzima uko kwenye boksi moja, hakuna habari ya kufika patamu unaambiwa Part 2 inauzwa kivyake wiki ijayo.

Kabla hujaagiza sasa, hapa ndo watu wanaliwa hela. DVD zinafungwa kwa kanda za dunia, zinaitwa region, diski ya kanda moja deki ya kanda nyingine inaweza kuikataa. Boksi la Marekani ni Region 1, na mfumo wa picha wa TV za kule, NTSC. Tanzania, Kenya na majirani tuko Region 5. Ndugu zetu wa Muscat na walioko Uingereza wako Region 2. Deki nyingi za Kichina za bei rahisi hazina ubaguzi, zinapiga chochote, lakini deki za majina makubwa zinaweza kukukatalia na kukuandikia ujumbe wa kukukera, na ukiwa na ile TV ya chogo ya zamani isiyojua NTSC picha inaweza kutoka nyeusi na nyeupe au inapanda juu inashuka. Drive za kompyuta nazo zinakuruhusu kubadilisha region mara 5 tu, ya mwisho ndo inabaki hiyo hiyo, kwa hiyo usiguse ile setingi kwa majaribio. Mimi natumia VLC, programu ya bure ya kuchezea video, drive yangu haijaleta shida yoyote, ila drive zinatofautiana.

Kuna atakayesema subiri tu utaikuta kwenye app. Sawa, ila haki za hizi app zinahama, kule Marekani kwenyewe ilitoka Netflix mwisho wa 2020 ikaenda Peacock, app nyingine ya kule, na huku kwetu Peacock haipo. Boksi halihami.

Mimi nilimwagiza binamu yangu anayeishi kule, kanunua la mtu aliyeshalitumia, bei ilikuwa ndogo kuliko nauli ambayo ningelipa kulituma kwa posta peke yake, kwa hiyo tafuta mtu anayekuja likizo akutupie kwenye begi. Na ukinunua la mkononi mwambie muuzaji afungue boksi akupigie picha diski zote 4 kwa nyuma, hasa ya nne, maana ndo ina Casino Night, episodi ya kufungia msimu aliyoiandika Carell mwenyewe, na ndo diski ambayo kila mwenye boksi ameirudia rudia mpaka imekwaruzika.