Swichi ya mia moja ilivyonipikia waya kwa kinyozi

Mimi kulalamika si mtindo wangu, lakini hii swichi niliyonunua Luthuli, ile barabara ya maduka ya vitu vya stima Nairobi, imenitoa roho. Niko na kinyozi hapa Kayole, kioo nimekizungushia zile taa za LED za kubandika, mita 5, za adapta ya volti 12. Shida ni soketi iko nyuma ya kabati, kila asubuhi nainama huko kama natafuta panya ndio niwashe taa. Nikasema basi nichukue ile swichi ndogo ya kufungwa katikati ya waya, mambo yaishe.

Kilichoniudhi kwanza hata si swichi, ni yule kijana wa kaunta. Nilimuuliza vizuri tu, kaka, hii itabeba taa za mita 5? Hakuiangalia hata. Akageukia wenzake, akasema kwa sauti, "Bosi, hii imeandikwa volti 250, zako ni 12, itashindwa aje? Kwani unawasha kiwanda?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao kijinga, nikalipa 300 nikabeba tatu. Hicho kicheko bado kinaniuma.

Kufunga haikuwa kazi. Unachomoa adapta, unakata waya nyekundu peke yake, nyeusi unaiacha ipite nzima, unachuna zile ncha mbili, unazisokota, unakaza na skrubu mbili ndogo za ndani, unafunika. Taa zikawaka, nikajiona fundi, nikapiga hadi picha.

Siku chache tu, Jumamosi, watu wamejaa kwa benchi, niko nusu ya kichwa cha mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, kinachoungua hapa ni nywele zangu?" Nikanusa. Taa zikaanza kupepesa, nikashika swichi nikaiachilia mbio, moto! Plastiki imelegea kama mshumaa, upande wa skrubu imekuwa kahawia, waya umeiva. Mzee nilimmalizia na balbu ya dari ambayo haina maana, akasema basi atalipa nusu. Na alilipa nusu kweli.

Ndio nikasoma yale maandishi madogo mgongoni: 2A 250V, yaani inabeba ampea 2 (ampea ni kiasi cha stima kinachopita kwa waya), na volti mwisho 250. Boksi la taa linasema wati 14.4 kila mita, mara 5 ni 72, gawa kwa 12 unapata ampea 6. Mara tatu ya inachobeba! Hizo wati 72 zingekuwa za stima ya ukutani ya 240 zingevuta ampea 0.3 tu, swichi isingehisi chochote, lakini ukishusha volti na wati ni zile zile, ampea zinapanda, na zinazopika waya ni ampea. Sasa mtu anauza swichi kutwa kucha hii hesabu haijui?

Nikamrudishia. Akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, "Hukukaza vizuri, bosi, tafuta fundi." Tafuta fundi! Nikampigia hesabu hapo kwa simu, akaniambia nisizibie wateja. Takataka ya swichi, takataka ya duka, msinunue.

Haya, niseme tu ukweli, skrubu moja niliikuta imelegea, na waya uliolegea nao huchemka, hiyo ilikuwa yangu. Na ile ya pili iko kwa kitanda changu, mita 1 ya taa, kama ampea 1.2 hivi, iko baridi kabisa, mtoto anaiwasha na kuizima mpaka tunagombana. Kwa hivyo kwa taa kidogo nunueni tu, mia moja si pesa. Lakini kwa yule kijana, hapana.

Juzi nilikuwa natafuta ya ampea 10, maduka mawili nikakosa, nikajipata kwa kaunta ile ile. Nikamuuliza, hii inabeba ampea ngapi? Akanitazama, akaigeuza, akasoma mgongoni, ndio akanijibu. Hakucheka. Ila 250 alinipiga, na hiyo naona mia ni ya hasira.