Nusu saa ya ukimya, na sabuni ya unga katikati

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mwigizaji Jean Servais, si ya huduma hii ya filamu mtandaoni.

Du rififi chez les hommes, filamu ya Jules Dassin ya 1955, ina sehemu moja isiyoguswa: wizi wa duka la vito Paris, karibu nusu saa bila neno wala muziki. Georges Auric alikuwa ameshautunga muziki wake. Alipoonyeshwa wizi huo ukiwa na muziki na bila muziki, mwenyewe akaridhia utolewe. Mtunzi kanyamaza kwa hiari yake, ninyi mnaleta tangazo!

Tena wakati gani? Wezi wako ghorofa ya juu, wanachimba sakafu taratibu. Tundu likitokea wanapenyeza mwavuli uliokunjwa, kisha wanaufungulia upande wa chini udake plasta, maana mtikisiko kidogo tu unaamsha king'ora. Plasta inadondokea mwavulini, nimebana pumzi, mara mama mmoja anaimba kusifia povu. Povu! Na king'ora chenyewe wanakiziba kwa povu la mtungi wa kuzimia moto. Nilipofika hapo nilikuwa nacheka tu, wizi umeshaharibika.

Nadhani kosa ni hili: nafasi za matangazo hutafutwa na programu inayovizia sauti ikikatika, ikidhani tukio limekwisha. Hapa imekuta ukimya wa nusu saa, ikajipakulia. Ukirudisha nyuma sekunde 10 uone ulichorukishwa, unavuka alama ileile, sabuni inaanza upya.

Na kinachoibiwa hapo ni Tony le Stéphanois mwenyewe, kiongozi wa wezi, anayeigizwa na Servais. Katoka jela baada ya miaka 5, anakohoa, uso umemchakaa. Wenzake walitaka kuvunja dirisha la duka na kukimbia. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania sefu. Uzee wake wote umo katika subira ile. Ukiikata, unabaki na kibaka mgonjwa.

Picha ni safi, sikatai. Na lile gari la mwisho, Tony kashika usukani huku mtoto akirukaruka na bastola ya bandia, halikuguswa, kelele zimeliokoa. Haya, nyota tatu.

Hapana, mbili. Na sabuni ile siinunui.