Mungu amekataza ndio ikawa mbaya, ama ilikuwa mbaya ndio akakataza?

Juzi kwa matatu ya Eastleigh nilitoa mia mbili, makanga akanirudishia chenji kama nimetoa mia tano, nikamrudishia zake, jamaa wa kando akaniangalia kama mjinga, "si ungekula tu, nani angejua?" Mama wa nyuma akadakia, "Mungu amekataza!"

Sasa hilo jibu la mama ndio upande wa kwanza, kitu ni kibaya kwa sababu Mungu amesema. Waashari, kundi la wanateolojia wa Kiislamu, wako hapo, na kwa Wakristo mwanafalsafa William wa Ockham hutajwa sana. Ni simple, hakuna kubishana, lakini je angeamrisha wizi ungekuwa mzuri? Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuliza swali la aina hiyo kitambo sana na mi bado hunikwamisha.

Upande wa pili ni Muutazila, kundi lingine la wanateolojia wa Kiislamu, wao husema akili inajua dhuluma ni mbaya hata kabla ya kusoma kitabu chochote. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo aliyefariki 1274, naye alisema kuna sheria ya asili ambayo akili inaifikia yenyewe, lakini hakuishia hapo, alisema bado tunahitaji sheria ya Mungu iliyofunuliwa kwa sababu maamuzi ya watu yanayumba, na pia sheria ya binadamu haiwezi kuhukumu yaliyo moyoni. Yaani lile swali la "nani angejua" alishalijibu!

Mi niko upande wa pili, ila ule wa Aquinas. Jamaa alishukia Pangani bado anacheka.