Uzoefu wangu: chapa (picha iliyochapwa) ya Montaut ya mbio za magari za 1906

Ukitaka picha za zamani za mbio za magari, anza na Ernest Montaut. Mfaransa huyu alifariki mwaka 1909 akiwa bado kijana, lakini wengi humtaja miongoni mwa waliotufundisha kuchora mwendo kasi: gari limeinamia mbele, magurudumu yamevutika kama yai, mistari ya upepo inabaki nyuma.

Picha niliyoitaka ni ya Ferenc Szisz na Renault yake, mshindi wa Grand Prix (mbio kuu za magari) ya 1906 kule Le Mans, Ufaransa. Nilianza na nakala ya kisasa niliyoagiza mtandaoni. Ilifika salama ndani ya bomba la karatasi ngumu, na ukiwa mlangoni inapendeza. Ikaribie sasa. Vumbi na anga vimeingiliana vikawa kitu kimoja cha kijivu, na kwenye kioo cha kukuza unaona vitone vya mashine vimejaa hadi usoni mwa dereva. Muuzaji aliitangaza kuwa "chapa halisi". Nilipombana, alisema uhalisi ni wa karatasi! Hilo halikubaliki.

Ya pili niliipata kwa muuza karatasi kuukuu, kwa bei kubwa zaidi, na siijutii hata kidogo. Mistari yake ilichapwa kwa jiwe, kisha rangi za maji zikapakwa kwa mkono kupitia karatasi zilizokatwa matundu, rangi moja baada ya nyingine. Begani mwa dereva rangi imevuka mstari kidogo. Nyuma ya gurudumu brashi imeanza nzito ikaishia nyepesi, na hapo ndipo vumbi linapotimka kweli. Vitone hakuna. Kwa kuwa kila moja ilipakwa kwa mkono, huwezi kupata mbili zinazofanana kabisa.

Na vumbi lile lina maana yake. Mbio zile zilichukua siku mbili, mizunguko 12 ya kilomita 103 hivi, katika joto lililoyeyusha lami. Tairi zilipasuka ovyo, na aliyeruhusiwa kuzibadilisha ni dereva na fundi wake tu. Wengi walilazimika kuzichana kwa kisu. Szisz alikuwa na rimu za Michelin za kufungua na kufunga, zilizokuwa na tairi tayari, akamaliza kazi kwa dakika chache. Ukishajua hayo, utamtazama kwa jicho jingine yule fundi aliyekaa ubavuni.

Kasoro zipo: karatasi imeingia umanjano na ukingo mmoja umepunguzwa kwa mkasi. Usiitundike juani, rangi za maji hupauka haraka. Mwambie fundi wa fremu aweke kadi isiyo na asidi, kioo kisiguse karatasi. Pima na ukuta, maana chapa hizi zina upana wa karibu sentimita 90.

Ukikuta sahihi ya "Gamy" usiipite. Inaaminika ni Marguerite, mkewe Montaut, aliyeendeleza kazi baada ya mumewe kufariki, na mkono wake ni mzuri sana.

Sasa natafuta ya Felice Nazzaro na Fiat, Grand Prix ya 1907. Mwenye nayo aniambie, ila kwanza anitumie picha ya karibu ya rangi.