Uzoefu wangu: makabati ya jikoni yaliyovimba, na kesi iliyonifikisha Milimani

Kampuni sitaitaja. Iko hapa Nairobi, ina picha za kuvutia mtandaoni, na niliilipa inijengee makabati ya jikoni ya marine, mbao zile zisizoogopa maji. Kotesheni ilisema hivyo. Lakini harufu ya gundi haijaisha vizuri, kabati la chini ya sinki likaanza kufura kama andazi. Nilipokwaruza ukingo kwa kisu ukatoka unga laini wa kahawia. MDF tupu, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, imezibwa pembeni kwa ukanda wa plastiki.

Nikapiga simu. "Madam, hayo ni maji umemwaga wewe." Jikoni, jamani! Kisha wakanielekeza kwenye risiti: pesa ikishalipwa hairudishwi.

Hapo ndipo wengi huachia, ilhali mstari wa risiti hauwezi kufuta sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inazihifadhi haki hizo hata kama mkataba unasema vingine. Sheria hiyo hiyo inamzuia fundi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio aliyokupa. Hiyo niliipenda sana, maana walikuwa wameshanichomekea "usafiri" na "bawaba spesheli" njiani.

Niliwaandikia barua ya madai, nikawapa muda, kimya. Nikaenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi kwenye mahakama za Milimani, hapa Nairobi, mwaka 2021. Inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, wakili si lazima, faili unaifungua mtandaoni, na sheria inataka hukumu itoke ndani ya siku 60 tangu kufungua. Kilichonichosha ni kuwafikishia wale wa kampuni hati za kesi. Namba iliyokuwa hewani usiku na mchana nilipokuwa nalipa deposti, sasa ni "mteja hapatikani".

Ushahidi wangu haukuwa wa ajabu: kotesheni, ujumbe wa M-Pesa, picha za ule ukingo, mazungumzo ya WhatsApp pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki (karatasi ya kuthibitisha mazungumzo hayo yalitolewa vipi kwenye simu), na barua fupi ya fundi mwingine aliyekuja kukagua. Kama una kesi ya aina hii, barua ya fundi wa pili usiikose. Mwamuzi aliishika kotesheni akauliza, "Hapa mmeandika marine. Mliweka marine?" Jamaa akaanza kueleza jinsi bei ya mbao ilivyopanda. Akaulizwa tena.

Kampuni iliamriwa inirudishie gharama ya makabati ya chini pamoja na ada ya kufungua kesi. Ya juu sikuyadai. Yako sawa, na droo zake zinateleza vizuri.

Pesa yenyewe haikuja na hukumu. Walikaa kimya hadi nilipoanza utaratibu wa kumtumia dalali wa mahakama, yule anayekamata mali ya mdaiwa na kuiuza, ndipo wakaomba kulipa kwa awamu. Nimekubali, ila kwa maandishi.

Kampuni: nyota 1, kwa ajili ya droo. Mahakama: nyota 4, kwa kuwa kufuatilia malipo baada ya kushinda bado ni kibarua cha mdai mwenyewe.