Waya ningemsamehe, lakini "mwite mzee" hapana

Nimetoka Kibuye hadi mjini na kurudi mara mbili kwa ajili ya mita 25 za waya, na hata sasa nikikumbuka damu inanichemka. Duka silitaji. Liko hapa Kisumu, karibu na Barabara ya Oginga Odinga, na mwenyewe akisoma haya atajijua.

Nilitaka waya wa kutoka kwenye redio hadi kwenye antena. Nilimwambia wazi: ule wa omu 50 (kipimo cha ukinzani wa waya, kinachopaswa kulingana na redio), shaba tupu, ndani na nje. Akaapa kwa mamake kwamba ndio huo. Akapima, akakata, akanipa risiti. Jioni nikalehemu konekta, tukapandisha antena kwenye mwembe, mita tano kila upande, nikakaa kungoja saa yangu.

Hiyo saa ndiyo asiye na redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu, hawezi kuielewa. Jua likianza kushukia ziwani, bendi ya mita 20, yaani mawimbi ya redio yenye urefu wa karibu mita 20, hufunguka kuelekea Ulaya. Unaita CQ, yaani mwito kwa yeyote anayesikia, unataja 5Z4 yako, mwanzo wa jina la kituo cha Kenya, mara Mtaliano, Mjerumani na Mrusi wanakuitikia kwa pamoja, kila mmoja anakazana asikike kabla ya mwenzake, kwa sababu vituo vya Kenya ni vichache hewani na wote wanataka kuandika Kenya kwenye daftari zao. Hakuna bando, hakuna mnara wa simu. Sauti yako inagonga tabaka za juu za anga, inashuka Bologna. Mara ya kwanza nilipoitikiwa hivyo nililia, na wala sioni haya kusema.

Jioni hiyo niliita, kimya. Kipimo cha redio kikaonyesha nguvu karibu yote inanirudia badala ya kwenda kwenye antena. Redio ikajipunguza yenyewe isiungue, nami nikaizima kwa hofu. Nikafungua konekta. Ule wavu wa nje ulikuwa alumini, na alumini haishiki risasi ya kawaida. Ilikuwa imekaa juu juu tu. Waya wa katikati nikaukwaruza kwa wembe, rangi ya shaba ikatoka, chuma kikatokea. Waya wa dishi!

Niseme haki. Waya wa dishi ni wa omu 75, na omu hizo zenyewe hazikuwa tatizo. Antena ya nusu wimbi kama yangu, ikiwa juu vya kutosha, hukaribia omu 73, kwa hiyo waya wa dishi ukiungwa vizuri unafanya kazi. Angeniambia, "Mama, huu ni wa dishi, ule mwingine sina," labda ningeuchukua nikatafuta konekta za kubana. Hapo ningemsamehe. Lakini aliapa.

Siku chache baadaye nikarudi, nikauweka ule waya kaunta na kuanza kueleza. Hata hakuutazama. Alimgeukia mteja mwingine wakacheka, kisha akaniambia: "Madam, hivi vitu vya antena mwite mzee aje tuelewane."

Mzee! Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ina jina langu. Vitabu nilisoma mimi, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mume wangu hushika kamba, na anayemwonyesha pa kuivutia ni mimi. Nilimwambia hayo yote mbele ya watu. Akajibu kwamba mali ikishakatwa hairudi, akanipa mgongo.

Aliyenifuata nje hadi kwa boda ni kijana wake wa duka. "Pole, Mama," akasema, halafu akanong'ona kwamba rola ya waya wa shaba ipo stoo, imefunikwa magunia, haitolewi kwa sababu bei iko juu. Kumbe ulikuwepo siku ile ile! Mwenye duka aliona mwanamke, akaamua ni dishi. Bosi alipokwenda kula, kijana alinikatia mwingine, akauchuna ncha mbele yangu nione shaba, akaandika risiti. Nililipa mara ya pili, na moyo uliniuma, lakini jioni hiyo Mtaliano alinipa 59, yaani ananisikia wazi na kwa nguvu, na kile kipimo cha nguvu zinazorudi hakikutikisika.

Kwa hiyo duka lina waya mzuri, na sijaupata kwingine hapa mjini. Nilitaka kuandika: nendeni, ila muulizeni kijana. Nilikuwa nimeshaweka nyota tatu. Lakini kila nikifika kwenye lile neno "mzee" mkono unagoma, maana hela za waya mzuri zinaingia kwenye droo ya mtu yule yule. Msiende. Mwenye haraka ya kweli basi aende saa ya chakula cha mchana. Nyota moja, na ni ya kijana. Nawe kijana, siku utakayofungua duka lako, mita 25 za kwanza niwekee mimi.